Maulidi ya Bi Mwanakheri na Soketi Zangu Mbili

Aibu hii waliishuhudia wanawake karibu arobaini, na kila mmoja kaisimulia kwao anavyotaka, basi na mimi niacheni niisimulie ninavyoijua, maana mwenye aibu ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwetu Makunduchi, lakini tangu mume wangu afariki na mwanangu wa pekee aolewe Dar, nimepanga chumba cha juu katika nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe, na chini yangu anakaa Bi Mwanakheri, mwenye ua mpana na wageni wasiokwisha. Nimekaa pale miaka miwili. Asubuhi nikishuka ni "Shikamoo, Bi Mwanakheri," "Marahaba, mwalimu," jioni nikirudi hivyo hivyo, na mazungumzo yetu yanaishia hapo. Vicheko vyao navisikia kutoka juu nikisahihisha madaftari, na kuna siku (msinicheke) huzima redio nipate kusikia wanacheka nini.

Basi siku ya maulidi yake, ya wanawake peke yao, baada ya alasiri, nikaalikwa kama walivyoalikwa wapangaji wote. Nikakaa uani karibu na mlango, jirani yangu wa kulia kanipa mgongo anazungumza na wa kwake. Ubani unafuka, mabuibui yamekunjwa pembeni, watu wamependeza, msomaji kashika maiki, na hata hajafika mbali maiki ikafa na feni ikasimama. Ule waya wa kurefusha umeme ulikuwa umeungua kichwani, pale penye matundu ya kuchomekea.

"Aitwe fundi," mmoja akasema.

"Fundi mwanamme, ataingia vipi na sie tuko hivi?" mwengine akamjibu.

Hapo Bi Mwanakheri akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Mwalimu, wewe si unasomesha umeme?"

"Naam," nikasema.

Naam hiyo ndiyo iliyoniponza. Ukweli ni kwamba umeme nimeusomesha miaka kumi na tisa kwa chaki, skuli yetu ina betri mbili za tochi na balbu moja ndogo ya kuwaonyesha wanafunzi, na chumbani kwangu swichi ikileta matatizo namwita mtu. Ningesema tu kwamba mimi naujua wa ubaoni, mambo yangekwisha. Lakini watu walikuwa wananipisha njia, mmoja kanishikia mtandio, mwengine kasema "pita, shoga," na mimi sijaitwa shoga na mtu tangu nihamie mjini.

Nikaletewa kisu cha jikoni na soketi mbili zilizokuwa zimelala kabatini. Nikakata kile kichwa kilichoungua. Sasa ubaoni ningekuchorea nimefumba macho: vyombo vya nyumbani huungwa sambamba, kila kimoja na njia yake ya kwenda na kurudi, ili kila kimoja kipate volti zake kamili, na hiki kikizimwa kile kiendelee. Lakini nyuma yangu nasikia "tazameni faida ya kusoma," na nilikuwa nimefurahi mno hata sikuweza kufikiri. Nikaupeleka waya mmoja soketi ya kwanza, nikatoka ya kwanza kwenda ya pili, na kutoka ya pili ndipo nikaurudisha. Mfuatano, yaani ule mchoro ninaowapigia wanafunzi mkasi mwekundu wa kosa.

Tukachomeka. Feni ikaanza kuzunguka taratibu kama inayozungushwa na mtu aliyechoka, na maiki ikatoa sauti ya mgonjwa, kwa sababu viwili vile vilikuwa vinagawana umeme uliotakiwa na kila kimoja.

"Chomoa feni, maiki ipate nguvu," Bi Mwanakheri akasema.

Nilishajua kosa langu, lakini mkono ukamtii, nikachomoa, na maiki nayo ikafa kabisa. Kicheko cha kwanza kikatoka huko nyuma. Badala ya kusema "nimekosea," nikataka kusahihisha haraka kabla hawajaelewa, nikafungua soketi bila kuchomoa plagi ukutani (mwanafunzi wangu akifanya hivyo namtoa darasani), ncha mbili zikagusana, mkondo ukapita bila kizuizi chochote, ukasikika mlio, cheche, na swichi kubwa ya nyumba nzima ikajizima.

Swichi hiyo ndiyo inayolisha na duka lililo mbele ya nyumba. Mwenye duka, mafriji yake yamezimika, akaja mbio mpaka mlango wa uani. "Hodi humu, umeme umefanywa nini?" Wacha watu wayakimbilie mabuibui, huyu kavaa la yule, msomaji kakanyaga sinia ya halua, na mwisho wake fundi akaitwa vile vile, wanawake wote wakajibana katika chumba kimoja cha Bi Mwanakheri, joto, vitoto vinalia, na mimi nikabaki uani kumwonyesha.

Fundi akaitazama kazi, akaigeuza. "Nani kaunga hivi?"

"Mimi."

"Mama, hivi ukichomoa kimoja vyote vinakufa. Mtoto wa skuli anajua."

Chumbani wote walikuwa wanasikiliza. Kisha nikaisikia sauti ya Rukia, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mama wa watoto wawili, akinitetea, masikini: "Tunajua kwa sababu yeye ndiye aliyetusomesha." Chumba kizima kikaangua kicheko.

Nikapanda ngazi kwangu. Maiki ikarudi, safi kabisa, nikayasikiliza maulidi mpaka mwisho nikiwa nimekaa kitandani na mtandio kichwani, nikalia, kwa sababu kwa kama nusu saa hivi nilishajiona nimo miongoni mwao. Walipotawanyika nikasikia hatua za Bi Mwanakheri chini ya ngazi.

"Mwalimu. Mwalimu, njoo uchukue halua yako."

Nikazuia pumzi. Nikaona nikishuka watacheka, hata sikufikiri kwamba wageni wote walishaondoka na aliyekuwepo ni yeye peke yake na sahani mkononi. Akasubiri kidogo, kisha akarudi ndani.

Umeme wa watu nimeapa sitaugusa tena, na hilo halinisumbui. Nimeapa na la pili, kwamba siku Bi Mwanakheri akiniita nitaitika, hata kama nimevaa kanga ya kulalia. Asubuhi nampa shikamoo, ananipa marahaba, na jioni nikirudi hivyo hivyo. Redio siku hizi siiwashi kabisa, nisije nikaitwa nisisikie. Bado hajaniita.