Meli ya Tata na Maji ya Kijani

Enzi zetu pale Kolwezi, sirene ya kiwanda cha shaba ndiyo ilikuwa saa ya kila nyumba. Ninyi mliokulia katika kambi ya wafanyakazi pamoja na mi mnakumbuka: ikilia asubuhi, akina tata wanatoka na baskeli, ikilia alasiri, akina mama wanabandika maji ya bukari, ugali wetu. Katikati ya sirene hizo mbili dunia yote ilikuwa yetu. Tulicheza nzango, mchezo wa wasichana wa kuruka na makofi, mpaka miguu inakuwa myekundu kwa vumbi, tukanywa munkoyo wa baridi, na ukikosea barabarani mama yeyote alikuchapa, kisha mama yako akakuongezea nyumbani. Leo ukimgusa mtoto wa jirani, he! utajieleza mpaka ukauke koo.

Lakini kwetu kulikuwa na kitu ambacho kwa jirani hakikuwako. Tulikuwa na meli. Kolwezi, mji wa mashimo na malori, bahari hakuna hata ya kusingizia, na sisi juu ya kabati ya saloni, sebuleni kwetu, tulikuwa na meli sita za mbao. Tata, baba yangu, ndiye aliyezichonga. Kabla ya kupata kazi ya useremala kiwandani, alipokuwa kijana, alikuwa anasugua meli kule Bukama, mahali Lualaba inapokuwa pana ya kutosha kuzibeba. Mto ule haukumtoka moyoni.

Mbao alizipata kwenye makesi, yale masanduku makubwa yaliyoleta vipuri vya mashine. Zilikuwa nyeupe, laini, na harufu tamu ambayo miti ya kwetu haina. Mpaka leo nikiisikia harufu ile nasimama. Jumapili, misa ikiisha, Tata anavua koti, anakaa barazani na kisu na wembe, na mi karibu na magoti yake nampa misumari midogo mmoja mmoja. Bomba la moshi alilikata kwenye kopo la tomati. Gundi alipika mwenyewe, ya unga wa muhogo. Mama anapita na beseni la sombe, majani ya muhogo, anasema: "Tata, huyu mutoto mwanamuke atajua kupika siku gani, kama kila siku ya Mungu iko mu misumari?" Tata anacheka bila kuinua macho. "Atapika. Lakini tumalize meli kwanza."

Sasa, maji. Hakuna meli yake hata moja iliyowahi kuguswa na maji. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: gundi italainika. Wageni wa Jumapili walizisifu, lakini hakukosa mmoja wa kumchokoza: "Fundi, hizi meli zinaelea kweli, ao ni za kupanguza mavumbi tu?" Watu wanacheka, Tata naye anacheka, ila mi niliyekuwa magotini pake niliona anavyogeuka kuitazama kabati. Niliumia sana. Nilitaka siku moja wale watu wafunge midomo.

Nilikuwa na miaka tisa alipomaliza meli ya saba, ndefu kama mkono wangu, nzuri kupita zote. Wiki ile Tata akasafiri Kasaji kwa kilio cha shangazi yake. Siku Mama alipokwenda sokoni Manika, nikaiviringisha meli ndani ya kitenge, nikaipeleka nyuma ya kambi, kwenye mfereji wa maji yaliyotoka kiwandani. Mnayakumbuka yale maji? Ya kijani kama chupa, yametulia, yanakuita. Kila mzazi alitukataza kuyagusa. Nikachuchumaa, nikaiweka meli.

Ikalala upande. Palepale. Nikaisimamisha, ikalala tena, bomba ndani ya maji kama mlevi. Mara ya tatu nikaanza kulia. Nikiwa nalia hivyo, nikaona vichwa vya misumari vinaanza kuwa vyekundu. Shaba! Sisi watoto wa Kolwezi, tangu tunajifunza kutembea tuliambiwa shaba ndiyo inayotulisha. Nikawaza kwa akili zangu za miaka tisa: maji haya yanageuza chuma kuwa shaba, na shaba ni nzito. Nikiiacha ilowe, misumari yote ya tumboni itakuwa shaba, meli itapata uzito chini, itasimama. Akili nyingi kweli! Nikaifunga kwa kamba kwenye nyasi, nikarudi nyumbani naimba.

Siku ya tatu nilikuta maji yameila misumari. Wekundu ulikuwako, lakini ni ganda tu; ukiligusa linapukutika, na chuma cha ndani kimekwisha. Gundi nayo imeyeyuka. Meli ya Tata ilikuwa vibao vinavyotembea polepole juu ya maji, kila kimoja na njia yake. Nikaokota nilivyoweza kuokota.

Jioni ile ile Tata akarudi. Sikungoja aulize. Niliweka kitenge mbele yake, nikakifungua, nikasubiri mkanda. Akachukua kibao kimoja, akakinusa.

"Uliitia mu mayi?"

"Ndiyo, Tata."

Mama alikuwa mlangoni, amekunja mikono. Halafu Tata akainama karibu na uso wangu, na sauti yake ikawa ndogo, ya mtu anayeomba.

"Ilielea?"

Jamani, hapo ndipo nilipoelewa. Haikuwa gundi. Tata aliogopa. Miaka yote ile alichonga meli na hakuwa na moyo wa kujua.

"Ilielea, Tata."

"Haikulala?"

"Hapana. Ilisimama sawasawa, ikaenda mbali."

Akakaa chini kabisa, sakafuni, akaniambia nisimulie tena. Jumapili iliyofuata wageni walipoanza uchokozi wao, akaniita: "Kuya hapa, ubaambie vile ilielea." Nikawaambia. Nikaongeza upepo, nikaongeza na mawimbi. Tata alizeeka na hadithi ile. Hata macho yalipokwisha nguvu na kisu kimewekwa, aliniita karibu: "Mama, ongea tena ile ya meli." Na mi naongea. Tulimzika mwaka jana, na sikuwahi kumwambia ukweli.

Vijana wa leo hata bukari haiingii mdomoni kabla haijapigwa picha. Mfereji umezungushiwa ukuta, na watoto wangu wanaziona meli za kweli, za bahari, ndani ya simu. Dakika moja wamechoka, wanatafuta kitu kingine. Juzi binti yangu akaniuliza: "Mama, sababu gani hamukupiga video siku ile?" Nikacheka, nikamjibu kwamba simu za namna hiyo hazikuwako.

Namshukuru Mungu hazikuwako. Ingekuwako moja tu, Tata angeiona meli yake ikilala upande.