Uji wa Mrija

Nesi anayefika kwa Tapnyole, kule Kimulot, huanza kuongea kabla hajavua gambuti zake mlangoni. "Mzee, kaa tayari, tunakula!" Mzee, mumewe Tapnyole, ambaye ugonjwa wa mishipa ya fahamu umemkakamaza polepole mpaka koo likakataa kumeza, humjibu kwa macho. Nesi humwinua kwa mito, huhakikisha mrija wa puani bado uko tumboni, kisha huombea chakula, jicho moja likiwa wazi.

Jumanne moja, baada ya amina, alichota uji wa wimbi akaonja. Akakunja uso. "Mama, hii uji imeungua. Na sukari iko wapi?"

Tapnyole aliwaka. Kweli, tangu mrija uingie alikuwa akipika kama anayelisha ndama, lakini kuambiwa nyumbani kwake! "Si inapita kwa pua? Ataonja na nini?"

"Rudisha jikoni, mama."

Alirudi akinung'unika, akapika mwingine, akatia sukari kwa hasira. Nesi akaonja, akachuja, akamimina taratibu, akasafisha mrija kwa maji ya uvuguvugu, kisha akakaa kupiga domo juu ya mvua na majani chai. Mara mzee akapiga mbweu ndefu. Midomo yake ikachezacheza, ikitafuta ladha iliyopanda nayo, na macho yakamgeukia mkewe, yakatulia hapo.

"Si umeona anaonjea wapi?" nesi akasema, akitafuta gambuti zake.

Siku hizi Tapnyole humlisha mumewe, kisha hukaa kando ya kitanda akisubiri mbweu. Ikichelewa, hurudi jikoni kuonja sufuria tena.