Filimbi ya Kijapani na Fahali wa Kaka Yangu

Siku hizi nikikutana na mtu wa Shinyalu najifanya nasoma simu, maana najua atakachoniuliza, kwa hiyo heri niwaambie mwenyewe: mimi ndiye niliyemfanya fahali wa kaka yangu ashindwe mbele ya kijiji kizima, na sikumgusa hata kwa kidole.

Nilipokuwa kijana nilimbebea mizigo mtafiti mmoja Mjapani, Kenji, aliyekuja kuchunguza kima kule msitu wa Isecheno. Jioni aliketi kwenye ngazi za banda lake akapuliza filimbi nene ya mwanzi, yenye matundu matano tu, waiitayo shakuhachi, na ile sauti nzito yenye pumzi ndani yake ilinyamazisha hata wapishi. Baadaye nilizunguka miaka ishirini, Kitale, Lodwar, Malindi, na kila nilikolala niliikumbuka.

Mwaka juzi nilirudi nyumbani. Kaka yangu Shivachi akanipa chumba bila kuniuliza lolote, nami nikaamua kuitengeneza ile filimbi. Kenji aliniambia kwao mwanzi hukaushwa miaka, lakini mimi nilikuwa na drili ya umeme ya kuazima, vipimo vya kwenye mtandao, programu ya simu ya kupima sauti, na gundi ya kuchanganya niliyoipaka ndani ya mwanzi na kuisugua kwa msasa hadi ukawa laini kama kikombe (kwanza nilijaribia bomba la maji, nikakosea matundu mara tatu). Soketi pekee ya nje ilikuwa ya mashine ya kukatia majani, kwenye zizi, basi meza yangu ikawa hapo, na kila saa kumi na moja, jua likipoa, nilipuliza sauti ya chini kabisa huku Inspekta, fahali wa kaka, akiletewa majani yake.

Tangu baba afariki hakuna fahali wa kwetu aliyeshinda kwenye mapigano ya mafahali. Shivachi alikuwa amemlea huyu miaka minne.

Jumamosi ya pigano nilikwenda na filimbi kiunoni (sikuwa na haja nayo, nilitaka tu niulizwe ni nini). Ngoma za isukuti zikavuma, pembe zikagongana, Inspekta akaanza kumsukuma mwenzake nyuma hatua kwa hatua, nami nikamkumbuka baba akipuliza pembe yake kando ya uwanja huo huo, na wapiga ngoma waliponyamaza kidogo kubadilisha wimbo nikaona nami nipulize. Mara moja tu.

Yaligeuka masikio kwanza. Kisha kichwa, kisha ng'ombe mzima, akampa mwenzake mgongo (na kwetu fahali akigeuka ameshindwa, hakuna rufaa), akaja moja kwa moja kwangu, watu wakitawanyika, wengine wakiangukia mtaroni. Akanusa filimbi, akanusa mifuko, akanilamba shati kutoka kitovuni hadi kidevuni, akingoja majani.

Upande wa pili wakaanza kuimba. Mama mmoja akauliza kama huyo ni fahali ama ni mtoto wa nasari, anaitwanga kwa kengele.

Shivachi akafika, akashika kamba.

"Luka, hii ndiyo ile unapiganga saa ya majani?"

Nikasema ndiyo.

"Miaka minne," akasema, wala hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Nyumbani nikaanza kufunga begi, kama nilivyozoea kila nilipoharibu mahali. Akasimama mlangoni.

"Huendi popote. Utampigia asubuhi, utampigia mchana, bila majani, mpaka asahau. Akishasahau ndio uende."

Uwanjani sitaipeleka tena, hilo nimeapa mbele ya mke wake na Biblia. Ni zaidi ya mwaka sasa, na tangu nitoke shule sijawahi kukaa mahali pamoja muda huu wote. Napiga asubuhi, napiga mchana. Shivachi hushangaa mbona Inspekta bado hajasahau, nami humwambia ng'ombe hawasahaungi upesi. Ila siku akienda sokoni Malava, huwa nampa fahali konzi moja ya majani, kidogo tu.