Almasi Alizozingoja Mama

Mimi kutulia siwezi. Mama husema natembea kama niliyekanyaga siafu, na kazi niliyoipata ughaibuni imezidisha maradhi. Nashinda maabara nikifukuza punje za almasi ndani ya seli hai. Si almasi za pete, jamani! Ni vumbi, laini kuliko unga wowote. Ndani ya kila punje kuna kasoro: atomu moja haipo mahali pake, na jirani wa pengo hilo ni naitrojeni. Ukiimulika kwa mwanga wa kijani, inawaka nyekundu. Ukiipiga kwa mawimbi ya maikrowevu ya kiwango chake cha mtetemo, wekundu unafifia, na kiwango hicho huhama kidogo seli ikipata joto. Basi punje inakuambia seli ina homa kiasi gani, bila kuiua. Tabu ni kwamba seli nayo haikai. Inaisukuma punje huku na huku, nami naifuata nyuma nikisonya.

Haya yote nilimweleza Mama likizo ya kwanza, asubuhi tukianika dagaa kichanjani, nyumbani Liuli. Nilieleza kwa mikono miwili, dagaa wakidondoka.

“Na uvimbe, zinauona?” akauliza.

“Zitauona, Mama! Wewe ngoja tu, nitakuletea.”

Akarudi kugeuza dagaa. Nami, kwa kupenda kusikia sauti yangu, nikaendelea kuhutubia. Sikumuuliza kwa nini ameuliza.

Mwaka uliofuata nilirudi. “Shikamoo, Mama,” nikamkumbatia, naye akashtuka kwa maumivu. Alinivuta chumbani, akafungua kanga. Ziwa la kushoto lilikuwa na uvimbe mgumu, ngozi imejikunja juu yake.

“Haya, zitoe,” akasema.

“Nitoe nini?”

“Almasi zako.”

Nilimfokea mama yangu. Hadi leo najuta. “Mama! Hospitali iko hapo, dakika kumi kwa miguu! Ulikuwa unangoja nini?”

Alinishangaa kweli kweli. Mama ni Mmatengo wa milimani Mbinga, aliolewa tu huku ufukweni, na yale ya kwao hajayaacha. Kwao mlimani wanalima ngoro: mwanamume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba, kisha mke wake huyafukia kwa udongo na kupanda maharage. Mke akisafiri, alinifundisha zamani, majani humngoja. Jirani hagusi, hata mvua ikianza, maana kumfukilia mtu ngoro yake ni kutangaza kwamba mwenyewe ameshindwa.

“Kazi ulishaishika wewe,” akasema. “Ningempelekea mwingine, si ningekuwa nimesema mwanangu hawezi?”

Nikakaa kitandani, nikamwambia ukweli: kwamba mimi sijawahi kumgusa mgonjwa, seli zangu zinaishi kwenye kisahani cha kioo, na siku ile ya dagaa nilikuwa najitapa tu.

Alifunga kanga taratibu. “Haya,” akasema. “Nipe viatu.”

Njiani nilitaka kukimbia, yeye akasimama kumsalimu kila mtu, habari za mihogo, habari za wajukuu. Nilimvuta mkono.

“Haraka haraka…” akaanza.

“Mama, hiyo leo usiimalize!”

Akacheka. Nilihesabu miezi tangu likizo ile, nikahesabu tena, kana kwamba ingepungua.

Mlangoni kwa daktari alinishika kiwiko. “Usiseme nilikuwa nakungoja wewe. Umenisikia?”

Daktari, kijana mpole, alimpima, vidole vikakaa muda mrefu kwapani. Uso wake ukabadilika. “Mama, mbona umekaa na hiki kitu muda wote huu?”

“Woga tu, baba. Naogopa sindano.”

Upole ukamtoka. Akamkaripia: mtu mzima, hospitali iko mlangoni, angekuja mwaka jana tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha akanigeukia. “Na wewe, dada, hukumwambia?”

Nilifungua mdomo. Chini ya meza Mama akanikanyaga mguu.

“Huyu alikuwa mbali kazini, hakujua lolote,” akasema, macho ameyainamisha. “Ni ujinga wangu, baba. Nisamehe.”

Nami nikanyamaza.