Zamu ya Mkia Kwenye Kamba

Miaka kumi na tisa napiga deki shule ile ile, na magoti yangu yanaijua kila ngazi. Saa ya mapumziko ndiyo raha yangu pekee: nageuza ndoo stoo, nakaa, nakunywa chai. Mwaka jana raha hiyo ikapata mgeni, binti wa darasa la tatu. Kila nikigeuka yupo nyuma yangu, nikambandika jina Mkia.

“Bibi, nikusaidie?”

Na mimi nilivyochoka, nikampa fagio. Ujinga wangu huo. Kumbe wenzake wameanza kumwita Bibi Fagio, na nani acheze na Bibi Fagio? Stoo ikawa maficho yake, na nilimjengea mimi.

Nikamtuma kwa wasichana wanaoruka kamba uwanjani. “Waambie utazungusha. Mzungushaji hafukuzwi.”

Kweli hawakumfukuza. Kamba ina sheria yake: anayenaswa anashika, aliyeshika anaingia kuruka. Lakini wao wakinaswa walisema, “Hiyo haihesabiwi,” na mtoto wa watu anaendelea kuzungusha. Wiki nzima hakuruka hata mara moja. Ijumaa akarudi stoo viganja vyekundu.

“Umewaambia ni zamu yako?”

“Wataniambia nisije tena.”

Jamani, nilichoka. Nilichoka na ngazi, na magoti, na watoto wasio na haya. Nikabeba ndoo mpaka uwanjani, nikakaa juu yake, nikashika ncha moja ya kamba. Ya pili anayo Mkia.

“Leo nazungusha mimi, na refa ni mimi,” nikawaambia. “Anayenaswa anashika, hata awe mtoto wa mwalimu mkuu.”

Yule mrefu, msemaji wao, akanaswa mruko wa nne. Akaanza, “Hiyo hai...” akanitazama. Akapokea kamba. Mkia akaingia, akaruka mara mbili, chali. Nikajua ndiyo basi, atakimbilia stoo. Mrefu akacheka mpaka akakaa chini.

“Hujui kuruka wewe. Njoo nikuonyeshe.”

Nilizungusha siku nne zilizofuata, mabega yanawaka moto. Siku ya tano mwili ulikataa kabisa, nikabaki stoo, roho juu, natega sikio dirishani. Watoto wanahesabu, mara kimya, mara ubishi, halafu sauti ya Mkia juu ya zote: “Umenaswa wewe, tumekuona. Lete, zamu yangu.”

Hakuja stoo siku hiyo, wala kesho yake. Nilifurahi sana, na upweke ukanishika.