Sinia la Mama Mkwe na Mzee wa Maboga

Kabla sijaanza nikuweke sawa: nimebatizwa, sinywi, na miwani situmii. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi, kwa hiyo usije ukaniambia ni giza. Ukitaka kucheka, cheka, Tunduma nzima imeshacheka. Lakini sinia lipo nyumbani, limebonyea katikati. Njoo ulione.

Nina kibanda cha gemu karibu na mpaka. Kuna gemu moja nalipenda kuliko yote, lile la mpiganaji anayezunguka mapangoni na upanga na ngao. Lina matoleo mengi, lilianza mimi sijazaliwa, na nimeyamaliza yote. Wenzangu husifia upanga. Mimi ni mtu wa ngao. Nisikilize vizuri hapa, maana bila hili hutaelewa kilichonipata.

Katika toleo la kwanza ngao haina kitufe. Unasimama tu, unamtazama adui, hufanyi kitu, na jiwe likija linagonga ngao na kuanguka. Ukianza tu kuchapa upanga, ngao haikusaidii. Baadaye wakaleta kitufe, ukawa unaiinua mwenyewe. Kisha wakaleta utamu wenyewe: ukiisukuma mbele sawasawa na jiwe linapofika, jiwe linamrudia aliyelirusha. Na haya matoleo ya juzijuzi, ngao inachakaa, ukiitumia sana inavunjika mkononi. Baba yangu mdogo aliwahi kuniuliza elimu hiyo itanisaidia nini duniani.

Basi, nikampenda Eliza, muuza vitenge wa jirani yangu, ambaye kwao ni Igamba, wakulima wa kahawa. Baba mdogo akawa mshenga, mambo yakaenda vizuri, nikapangiwa siku ya kwenda kujitambulisha. Eliza akaniambia jambo moja, na hakuwa anatania.

"Wewe ni wa tatu. Wa kwanza aliishia njiani, akasema pancha. Wa pili aliishia njiani, kazima simu mpaka leo. Baba kasema wa tatu naye asipofika, hachinji tena kuku kwa ajili ya mtu wa Tunduma. Kwa hiyo ufike."

Nikamwambia nitafika. Nampenda yule mwanamke, nisikufiche, na wiki nzima niliogopa kutofika kuliko ninavyoogopa kufa.

Baba mdogo alitangulia asubuhi. Mimi nilicheleweshwa na zawadi ya mama mkwe: sinia kubwa la bati nene, lenye vishikio viwili. Bodaboda alinichukua Mlowo, tulipofika kwenye daraja la magogo akazima pikipiki.

"Kaka, hapo mbele utamalizia mwenyewe."

"Kwani kuna nini? Tope?"

"Tope halina shida," akasema, akageuza, akaondoka mbio.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni. Sikwenda mbali, kitu kikanigonga goti. Tunda la kahawa, jekundu. Nikatazama juu. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye tuta, peku, amevaa koti la suti na amefunga vifungo vyote. Nyuma yake kulikuwa na mgomba. Niliuona mgomba huo kupitia kifuani kwake, niamini, na ndizi zake ningeweza kuzihesabu.

Ungefanya nini wewe? Nilitaka kukimbia. Kisha nikamkumbuka wa pancha, nikamkumbuka wa simu, nikaelewa walikoishia. Nikikimbia, nimempoteza Eliza.

Akarusha tunda jingine. Nikainua sinia, ngaa! Akarusha gunzi. Ngaa! Akarusha jiwe. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe, miye nyuma ya sinia napiga kelele: "Shikamoo babu!" Likaja gunzi jingine. Kwa woga ulimi ukavuka mpaka, nikamsalimia Kibemba kama wateja wangu wa Zambia: "Mulishani mukwai!" Hapo ndipo alipochukia kabisa. Akainama nyuma ya tuta, akainuka na boga.

Boga zima, la kulisha familia. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo halifanyi mtu ila aliyemaliza matoleo yote. Boga lilipokaribia, nikasukuma sinia mbele, sawasawa kabisa. Sijawahi kupatia vile hata kwenye skrini. Boga likarudi lilikotoka, likampata mzee kwenye paji la uso. Mgomba ulionekana kupitia kwake, lakini boga halikupita. Usiniulize.

Nilishangilia, nakwambia ukweli. Nilinyanyua ngumi. Kisha nikalitazama vizuri lile paji la uso, pana, lenye kishimo kidogo juu ya jicho la kushoto. Ndilo la Eliza. Nilikuwa nimempiga babu mkwe kwa boga.

Mzee akasimama, akaanza kuja. Nikainua sinia, kishikio kimoja kikang'oka. Nikashika cha pili, nacho kikang'oka, sinia likaanguka topeni. Nikabaki mikono mitupu, sina kitufe cha kubonyeza. Hapo ndipo nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, jinsi alivyokuwa akinifinya sikio: mkubwa hasalimiwi na mtu aliyeshika kitu. Weka mzigo chini, chuchumaa, piga makofi taratibu, usubiri. Na mimi nilikuwa namwamkia mzee wa watu nikiwa nyuma ya bati!

Nikachuchumaa. Nikapiga makofi, taratibu. Nikasubiri, machozi yananitoka.

Nyayo zikakoma. Kisha nikasikia makofi mepesi yakinijibu. Nilipoinua macho, mzee alikuwa amenipisha njia, anatoa mbegu ya boga kwenye nyusi. Ukungu ukamfunika. Nikaokota sinia, nikapita, hakikunigonga kitu tena.

Nilifika. Kuku alikuwepo, ingawa mapaja yote mawili alikuwa nayo baba mdogo. Bibi yake Eliza akalipokea sinia, akapitisha kidole pale lilipobonyea.

"Kakurushia nini?"

"Boga, bibi."

"Mwaka huu hatukupanda maboga," akasema, kama mtu anayezungumzia mvua. "Na wewe ukafanyaje?"

Nikainamisha kichwa. "Nililirudisha. Likampata usoni."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Niliishi na yule mzee miaka mingi mpaka tukamzika, nikitamani kufanya hivyo hivyo. Lakini ulimsalimia? Akaitikia?"

"Aliitikia."

Akamgeukia baba yake Eliza. "Basi. Huyu kafika."

Ndivyo nilivyooa, na siku ya harusi mama mkwe akaturudishia sinia tukalitunze. Mpaka leo, tukienda Igamba, naweka mizigo yote chini baada ya daraja, nachuchumaa, nasalimia, naitikiwa. Nikisimama tu, tunda moja la kahawa linanipata kwenye paji la uso, pale pale nilipompiga yeye. Moja tu. Eliza hajawahi kurushiwa hata jani.

Sasa wewe unayekwenda kuposa huko, nisikie. Kila ulichobeba kiweke chini mapema. Juzi fundi simu wa jirani, anayemtaka mdogo wake Eliza, kanunua helmeti mpya kwa ajili ya safari hiyo. Nimemwambia akishavuka daraja aivue. Kanitazama kama mwendawazimu, akaifunga kamba vizuri kidevuni.

Haya. Boga litamwelewesha.