Karafuu zilivyomrudisha mama kwenye sinia

Wakuu, asalaam aleikum. Hii siyo chai. Yametokea kwetu Jadida, Wete, na mama mwenyewe karidhia niandike ilimradi nisimtaje jina.

Mama yangu alipata stroke, mkono wa kulia ukalegea. Mdomo alhamdulillah ulibaki salama, tena salama sana.

Shida ikawa chakula. Kwetu tunakula sinia moja, na mkono wa kushoto hauingii humo. Kijiko hataki, kulishwa hataki. Akawa anakula peke yake chumbani, mlango kaufunga.

Na ndiye aliyekuwa akitugawia samaki! Iliniuma mno wakuu.

Hospitali tukapelekwa kwa dada wa occupational therapy. Mie nikajua ni mambo ya ajira, nikamwambia, "Dada, mama hatafuti kazi." Alicheka huyo!

Kumbe occupation hapo ni shughuli zako zote: kula, kuoga, kuvaa buibui. Hizo za kila siku wanaziita ADL. Halafu kuna fine motor, ufundi wa vidole, ndio uliomtupa mkono mama.

Akampa udongo laini wa rangi aufinye. Weee! "Mie mtoto wa nasari?" Mama akausukuma kule.

Dada wala hakununa. "Bi mkubwa, vidole hivi vilizoea kazi gani?"

"Kuchambua karafuu. Nani wa kunishinda mie?"

"Basi kachambue. Kushoto kushike kikonyo, kulia kung'oe. Na nyinyi, marufuku kumsaidia."

Hapo kwenye marufuku ndipo palipotutesa. Sisi tumezoea kumpokea mzazi hata kikombe. Sasa karafuu zinamponyoka, anasonya, na sisi tunatazama tu. Mke wangu alikuwa akishindwa anatoka nje.

Msimu ukaisha, vidole vikaanza kutii.

Ijumaa moja tuko kwenye sinia, mlango wa chumbani ukafunguka. Mama akaja, akakaa, akanawa. Akafinyanga tonge kwa mkono wa kulia, nusu ya wali ikamwagika.

Kisha akamega samaki, akaniwekea mbele yangu. "Kula weye, mbona wanikodolea macho?"

Machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili.

Nilichojifunza: mgonjwa muulize alikuwa akipenda kufanya nini, halafu mwachie afanye, hata ikikuuma.

Wenye wagonjwa kama huyu, kwenu mkono ulirudi kwa kazi gani? Shusheni hapa, nitasoma baadaye. Naitwa, samaki anagawiwa.